Mafundi wakiondoka, nani atazibua dohani?

Nimefurahi kusoma makala ya vijana wa kujitolea wanaozijengea familia majiko banifu ya udongo, yaani yanayotumia kuni chache na kutoa moshi nje kwa dohani, na nawapongeza kwa dhati. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Ila makala imeishia siku ya makabidhiano, na wasiwasi wangu unaanzia hapo hapo. Watafiti Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia majiko ya aina hii huko Odisha, India, kwa miaka kadhaa. Mwaka wa kwanza moshi waliouvuta wapishi ulipungua. Baadaye nafuu ile ikatoweka, kwa kuwa majiko hayakutunzwa na matumizi yake yakashuka. Masizi yanajaa kwenye dohani, moshi unarudi ndani, udongo unapasuka pale sufuria kubwa inapokalia, na mama mwenye watoto wenye njaa anarudi kwenye mafiga. Simlaumu hata kidogo.

Naomba basi wahusika wawafundishe akina mama wenyewe kujenga na kukarabati, tena wawaulize wanapikia sufuria za ukubwa gani kabla ya kukata matundu. Na mwaka unaofuata warudi wakati wa mvua, kuni zikiwa mbichi, waone jiko linavyowaka.