Macho ya mtoto yapimwe kliniki kama uzito

Huku Dodoma ukitaja ugonjwa wa macho, wengi wanafikiria trakoma, na kwa haki kabisa, maana wilaya yetu ya Kongwa imehangaika nayo miaka mingi. Lakini upo upotevu wa kuona usio na tongotongo wala wekundu, na ndio unaoniuma zaidi. Jicho linaweza kuonekana zima, kumbe ubongo umeshaachana nalo.

Jicho peke yake halioni. Retina, utando ulio ndani ya jicho kwa nyuma, inageuza mwanga kuwa ishara za umeme, zinasafiri kwenye neva yenye nyuzi kama milioni 1 hadi sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, na picha inatengenezwa huko. Ubongo wa mtoto mchanga bado unajifunza kazi hiyo. Wanasayansi David Hubel na Torsten Wiesel, walioshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walifumba jicho moja la watoto wa paka katika miezi yao ya mwanzo. Walipolifumbua, seli nyingi za ubongo hazikuliitikia tena. Zilikuwa zinafuata lile lililobaki wazi. Paka wakubwa hawakupata madhara hayo.

Mtoto mwenye makengeza, au mwenye ugonjwa wa mtoto wa jicho (ukungu kwenye lenzi) upande mmoja, yuko kwenye hatari hiyohiyo. Ubongo unashika picha safi, nyingine unaipuuza. Naye halalamiki, maana hajawahi kuona vingine. Nyumbani wanasema, "Akikua yatanyooka." Akikaribia miaka 7 au 8, kumtibu kumeshakuwa kugumu.

Siku ya kliniki mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, nesi anaandika kilo kwenye kadi, anaitwa mwingine. Hapohapo amulikwe tochi machoni! Ni dakika moja tu. Mboni ikionekana nyeupe, apewe rufaa siku hiyo.

Mama naye anaweza kujaribu nyumbani. Mwonyeshe kijiko kinachong'aa, mzibe jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Akitulia ukiziba la kushoto, lakini akalia na kuusukuma mkono kila ukiziba la kulia, mpeleke hospitali: huenda la kushoto halioni vizuri. Likigundulika mapema, mara nyingi tiba ni miwani, na kuziba lile zima saa kadhaa kwa siku ili ubongo ulazimike kulitumia dhaifu. Mtoto wa jicho ndiye anayehitaji upasuaji, tena haraka.

Najua wapo wanaosubiri kuuza alizeti ndipo wapate nauli ya kuja mjini. Kwa msiba tunachangishana siku hiyohiyo. Tuchangishane na kwa hili.