Saa ianze kuhesabiwa wapi kwenye feri ya Likoni?

Mkataba wa huduma unaobandikwa kwenye ofisi za umma huwa na safu nne: huduma, mahitaji, ada na muda. Kwa ofisi inayotoa leseni hakuna ugumu. Fomu ikipokelewa Jumatatu, siku zinahesabika. Pale kivukoni Likoni, Mombasa, safu ya nne ndiyo yenye mvutano: je, abiria aahidiwe dakika?

Wanaokataa wana hoja nzito. Tarehe 29 Aprili 1994 MV Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu 272. Mwaka 2019 gari liliteleza kutoka MV Harambee, likazama na mama na bintiye. Nahodha anayekimbizwa na saa ataondoka rampu ikiwa bado haijainuka sawasawa, na mlinzi wa lango atapitisha watu kupita kiwango ili uwanja wa kusubiri upungue watu. Isitoshe, mkondo wa Kilindini ndiyo njia ya meli. Meli ikiingia, feri hungoja.

Hoja hiyo ya usalama haina jibu, ila inapinga ahadi ya aina moja tu: muda wa kuvuka. Muda huo usiguswe kabisa. Kinachofaa kuahidiwa ni nafasi kati ya feri na feri, kwa sababu hiyo huamuliwa na idadi ya feri zinazofanya kazi, si na mbio za nahodha. Tuchukue mfano wa feri 4, kila moja ikimaliza mzunguko kwa dakika 40, kupakia na kushusha pande zote mbili ikiwemo. Feri moja itaondoka kila dakika 10. Moja ikienda matengenezo, nafasi inafika dakika 13 hivi. Zikibaki 2, inakuwa dakika 20, na hapo balaa si dakika zile 10 za ziada peke yake. Watu wanaojikusanya kabla ya kila safari wamekuwa maradufu, feri ni ileile na kiwango chake ni kilekile. Kama feri zilikuwa zikijaa tayari, nusu wanabaki uwanjani, safari inayofuata inaanza na deni, na deni linakua hadi watu wapungue. Msongamano wa langoni, ambao ndio hatari yenyewe, huzaliwa hapo. Kwa hiyo ahadi ya kuwa na feri za kutosha ni ahadi ya usalama pia.

Kisha saa ianze wapi? Ikianza feri inapotia rampu, takwimu zitapendeza hata watu wakiwa wamesimama juani nusu saa. Ianze abiria anapoingia uwanja wa kusubiri. Na wastani wa siku nzima usikubaliwe, maana saa nane mchana uwanja ukiwa mtupu huficha yaliyotokea saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Ubao useme: kwa saa hizo, abiria 9 kati ya 10 watapanda ndani ya dakika kadhaa zilizotajwa.

Kuhusu meli, udhuru umepungua nguvu. Halmashauri ya Bandari ndiyo inayosimamia feri siku hizi, na marubani wake ndio wanaoziingiza meli Kilindini. Anayejua meli inaingia lini anaweza kuwatangazia wavukaji mapema. Dakika za meli ziandikwe kando, zisichanganywe na za feri mbovu.

Wapo wasemao kwamba aendaye kwa miguu havuki kwa nauli, basi hana la kudai. Si kweli. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na kinazitaja taasisi za umma waziwazi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nayo inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi. Ombi la kwanza linalofaa ni daftari la safari za feri za mwezi uliopita, saa kwa saa, pamoja na sababu ya kila feri iliyokosekana.