Akiba ya ada: tunabishania kodi, kufuli tumelisahau

Jioni moja baada ya magharibi, kwenye baraza la kahawa huku Ngamiani, Tanga, ulizuka ubishi ambao haujanitoka kichwani. Kijana anayefanya kazi bandarini alikuwa akieleza habari za nduguye aliyeko Marekani, anayemwekea mwanawe fedha za chuo kwenye mpango uitwao 529. Faida inayozaliwa humo haikatwi kodi. "Na sisi serikali ituwekee kitu kama hicho," akasema. Mwalimu mstaafu aliyekaa karibu na deli la kahawa akamjibu palepale: "Mwanangu, msamaha wa kodi ni wa anayelipa kodi. Mama muuza dagaa wa Deep Sea utamsamehe nini?"

Baraza zima likawa upande wa mwalimu. Hesabu yake hata mimi naikubali. Lakini kijana yule hakueleweka, na hilo ndilo lililonifanya nikae niandike.

Hoja ya mwalimu kwanza, maana ni nzito. Hiyo 529 ni namba ya kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani kilichotungwa 1996. Mzazi anaweka fedha, zinawekezwa, na zikitumika kwa masomo faida yote inatoka bila kodi. Akizitoa kwa shughuli nyingine, ile faida inatozwa kodi pamoja na adhabu ya asilimia 10. Mwaka 2012 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ilichunguza ni nani hasa anayenufaika. Ikakuta kwamba familia zenye akaunti za namna hii hazifiki 3 katika kila 100, na kwamba mali ya kifedha ya familia hizo, kwa kipimo cha kati, ni kama mara 25 ya mali ya familia zisizo nazo. Januari 2015 Rais Obama alipendekeza faida hiyo ianze kutozwa kodi. Kelele zilipigwa kila upande, hata ndani ya chama chake, na mwezi haukuisha kabla hajaliondoa pendekezo lenyewe. Wenye sauti wakishapewa msamaha, kuwanyang'anya ni kazi.

Hapa kwetu pengo lingekuwa baya zaidi. Tuseme mzazi anaruhusiwa kuweka shilingi 100,000 za ada kabla mshahara haujakatwa kodi. Anayelipwa 1,500,000 kwa mwezi yuko kwenye ngazi ya asilimia 30, kwa hiyo anaokoa 30,000. Anayelipwa 270,000 hakatwi kodi ya mshahara hata senti, kwa hiyo anaokoa sifuri. Muuza dagaa, mvuvi wa Sahare na mkulima wa machungwa wa Muheza hawamo hata kwenye orodha ya mishahara. Fedha ambayo hazina ingeikosa ni madawati na matundu ya vyoo vya shule wanazosoma watoto wa hao hao.

Basi tuiache kodi ya mshahara, tuangalie kodi ya riba, ambayo inamgusa kila mwenye akaunti benki. Kodi ya zuio kwenye riba, ile inayokatwa kabla riba haijakufikia, ni asilimia 10. Mama anaweka 20,000 kila mwezi. Akaunti inaanza na 20,000 na mwezi wa kumi na mbili ina 240,000, kwa hiyo kwa mwaka mzima wastani wa fedha iliyolala humo ni 130,000. Akilipwa riba ya asilimia 5, anapata 6,500, na kodi yake ni 650. Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa kwa kalamu na karatasi, kwa sababu ndiyo inayobeba ubishi wote. Shilingi mia sita na hamsini kwa mwaka haimfikishi mtu Sahare na kumrudisha kwa daladala. Kama kila Januari anaitoa akiba kwa ajili ya shule na kuanza upya, ukimsamehe kodi hiyo hadi mtoto amalize kidato cha sita, hujamnunulia hata jozi ya viatu vya shule.

Kama kodi ni ndogo kiasi hicho, mbona tunaigombea? Kijana wa bandarini alitaja kodi kwa sababu ndiyo inayotajwa kwenye matangazo. Kitu alichokiona kwa nduguye ni kingine: fedha yenye jina la mtoto, iliyowekwa kwa kazi moja, na inayouma kidogo ukitaka kuitoa kwa shughuli nyingine. Yaani kufuli.

Kufuli tunalijua sana huku kwetu. Sanduku la kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, lina makufuli matatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Nimekaa kwenye vikao hivyo Makorora. Sanduku linawekwa katikati ya mkeka, wanaitwa wenye funguo mmoja mmoja, fedha inahesabiwa kwa sauti. Hakuna benki inayonipa imani kuliko ile sauti. Tatizo linakuja Desemba. Kikoba kinavunjwa, kila mmoja anafunga fungu lake pindoni mwa khanga, na kuanzia saa hiyo fedha haina tena jina. Kuna harusi ya mtoto wa dada, kuna mgonjwa hospitali ya Bombo, kuna paa linalovuja. Hakuna uzembe hapo, yote hayo ni haki ya watu. Januari shule zinafunguliwa na fedha imeshakwenda.

Atakayesema elimu ni bure tangu 2016, kweli, na tangu 2022 ada imeondolewa hadi kidato cha sita. Sare, madaftari, nauli na godoro la bweni havikuondolewa, na chuo kiko palepale.

Kufuli lina thamani ya fedha pia. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya mji wetu, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kuikopesha fedha kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Chukua ile 130,000 ya mama yetu: kwa riba hiyo ingezaa 17,550 kwa mwaka badala ya 6,500. Tofauti ni zaidi ya elfu kumi na moja, na yote inatokana na fedha kukubali kukaa. Iweke kando ya zile 650 za kodi. Najua elfu ishirini za mwezi hazinunui hatifungani moja kwa moja, ila kazi hiyo ndiyo ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, inayokusanya fedha ndogo ndogo za watu wengi na kuziwekeza. Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko hiyo, upo tangu 2008, na utoaji wake umefungwa kwa umri wa mtoto. Waliokuwa barazani jioni ile, hata mmoja hakuutaja.

Hata hivyo kufuli likikaza mno linafukuza watu. Uganda, watafiti walipeleka masanduku ya akiba kwenye shule za msingi. Kundi moja la watoto lilirudishiwa akiba yake mwanzo wa muhula kwa fedha taslimu, jingine kwa vocha za kununulia vifaa vya shule tu. Waliojua watapata taslimu ndio walioweka zaidi. Na kwa hao wa taslimu, pale ambapo wazazi nao walishirikishwa, vifaa vilinunuliwa na alama za watoto zikapanda. Kwa hiyo adhabu ya Kimarekani ya asilimia 10 nisingeileta Tanga. Inatosha fedha iwe na siku yake ya kufunguliwa.

Mwalimu anauliza utamsamehe nini muuza dagaa. Usimsamehe, mwongezee. Kanada mzazi akimwekea mtoto dola 100 za masomo, serikali inaongeza 20, hadi kufikia 500 kwa mwaka, na familia za kipato cha chini wana fungu lao ambalo halisubiri mzazi aweke chochote. Katika jimbo la Oklahoma, mwaka 2007, watoto wachanga waliochaguliwa kwa bahati nasibu walifunguliwa akaunti ya 529 ikiwa na dola 1,000. Walipofika miaka minne, mama zao walikuwa na dalili chache za sonona kuliko mama wa kundi lisilopewa. Chuo kilikuwa bado mbali sana. Fedha yenye jina la mtoto ilikuwa imeanza kazi nyumbani.

Kikoba cha Makorora nilichokitaja hakikungoja sera. Mwaka jana wanachama waliongeza mfuko wa shule, elfu mbili kila wiki, hauguswi Desemba, unafunguliwa wiki ya kwanza ya Januari. Nilikuwepo siku ya kufungua. Mama mmoja ambaye bintiye amepangiwa shule ya bweni alihesabiwa 96,000, akazihesabu tena mwenyewe, kisha akaondoka moja kwa moja kwenda Mgandini kutafuta tranka.