Marumaru Ikilia Tupu Tanga, Aulizwe Fundi na Aliyemlipa

Kuna kauli imeenea Tanga kwa wanaomalizia nyumba, kuanzia Sahare hadi Mikanjuni: kuta jenga na mafundi wa hapa, lakini marumaru mlete mtu wa Dar. Wa hapa, wanasema, atakuwekea leo na masika ikipita utaanza kuzing'oa. Kauli hiyo haikuzuka hewani. Zipo sebule ambazo marumaru zimebetuka katikati kama mgongo wa kobe, na yapo mabafu ambayo maji huyakimbia matundu ya kutolea na kuelekea mlangoni. Ninachokikataa ni haraka ya kumtwisha mtu mmoja lawama yote, na mtu huyo kwa kawaida ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote pale saiti.

Wanaoagiza fundi kutoka mbali wana sababu. Anayeishi kwa marumaru tu huja na mashine ya kukatia kwa maji, pimamaji ya leza na mkono uliozoea marumaru za sentimita 60 kwa 120. Fundi wetu wa mtaani wiki hii anapiga lipu, wiki ijayo anajenga msingi, na marumaru anaziweka zikitokea. Wengine ni fundi maiko hasa, wa kubahatisha. Na hata aliye mzuri huwa na saiti tatu kwa mpigo. Akishapokea kishika uchumba, kesho yake unamkuta saidia fundi peke yake na mwiko, bosi wake hapatikani kwa simu. Kwa ngazi za kuzunguka, kwa marumaru kubwa, au kwa bwawa la kuogelea kule Raskazone, hata mimi ningetafuta bingwa bila kuuliza ametokea mji gani.

Ila nyumba nyingi zetu hazina bwawa. Ni vyumba vitatu na sebule, marumaru za 40 kwa 40 au 60 kwa 60, mara nyingi zilizotoka viwanda vya Chalinze au Mkuranga. Kazi hiyo fundi wa Ngamiani au Makorora anaiweza. Kwa nini basi inamharibikia?

Chukua sarafu, piga magoti, gonga marumaru moja moja. Iliyoshika vizuri hutoa mlio mkavu, mfupi. Isiyoshika hulia tupu. Huko kulia tupu ndiko kwenye kesi nzima, na inafaa tuishughulikie taratibu, kwa sababu ndipo watu wanaposema “unaona, fundi wa hapa!” na kufunga mjadala.

Marumaru hulia tupu mara nyingi kwa kuwa imewekwa juu ya madonge ya gundi: donge moja kila pembe, moja katikati, halafu inagongwa kwa nyundo ya mpira hadi ilingane na uzi. Viwango vya Marekani vya kazi hii vinataka gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo wa marumaru katika chumba kikavu, na asilimia 95 mahali pa maji kama bafuni. Sasa piga hesabu. Marumaru ya 60 kwa 60 ina sentimita za mraba 3,600. Madonge matano, kila moja likisambaa hadi upana wa sentimita 18, yanafunika kama 1,270. Hiyo ni asilimia 35. Sehemu iliyobaki ni hewa. Mguu wa friji ukitua juu ya hewa, marumaru inapasuka. Bafuni hewa hiyo hugeuka maji, maji yanakaa chini wiki nzima, na harufu inayokusumbua utaisingizia chemba ya choo kumbe iko chini ya unyayo wako.

Je, fundi hajui hilo? Wengi wanajua. Anaweka madonge kwa sababu jamvi, yaani sakafu ya zege, alilokabidhiwa halijalingana. Upande wa dirishani limezama sentimita mbili, upande wa mlangoni limeinuka. Dawa ni kusawazisha kwanza kwa saruji na mchanga, kuacha kukauke vizuri, ndipo apake gundi kwa mwiko wenye meno. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. “Bosi, hapa sakafu imezama, tuongeze mifuko mitano ya saruji tusawazishe.” Bosi anajibu kwamba walikubaliana kwa mita, na mita haijaongezeka. Anaongeza kwamba wageni wa harusi wanakuja Ijumaa. Fundi anatazama chini, anachota donge la kwanza.

Ndiyo maana malipo ya kwa mita ya mraba, tuliyoyazoea sote, nayaona kuwa mzizi wa uharibifu huu kuliko ujuzi mdogo. Kwa mita, anayemaliza vyumba viwili kwa siku anapata mara mbili ya anayemaliza kimoja. Kazi inayookoa sakafu, yaani kusawazisha, kufagia vumbi, kulowesha jamvi kabla ya udongo wa saruji, kuacha nafasi ndogo kandokando ya kuta ili sakafu ipumue, yote hiyo haina mita. Unamlipa mtu kwa kile kinachoonekana, kisha unashangaa kwamba kisichoonekana hakikufanywa.

Na fundi wa Dar? Naye analipwa kwa mita, juu yake nauli, chumba na chakula. Kila siku anayolala Tanga inamgharimu, kwa hiyo ana haraka kuliko wa hapa. Akikosea, kati yako na yeye kuna kilomita kama 350 za barabara kupitia Segera na Chalinze, na simu ambayo siku hizo haishiki. Fundi wa mtaani utakutana naye msikitini, kwenye msiba, dukani kwa Mpemba. Mjumbe anamjua, mama yake anajulikana. Mkataba wa maandishi hana, ni kweli, lakini sheria yetu ya mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, na mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwaita wote wawili wakae kitako. Dhamana ya namna hiyo haiandikwi kwenye karatasi ya bei, kwa hiyo tunapolinganisha bei tunaisahau.

Kuna na elimu ya mahali. Mafundi wakongwe wa pwani huonja mchanga ulimini kabla ya kukubali kuutumia. Wenye chumvi wanaukataa, kwa kuwa unyevu ukipanda, chumvi hutoka kama unga mweupe kwenye mistari ya grauti, ile saruji laini ya kuziba kati ya marumaru, na hakuna sabuni itakayoimaliza. Sisemi mgeni hawezi kuonja. Nasema mara nyingi anapofika mchanga umeshamwagwa uani.

Lawama nyingine ni ya mwenye nyumba moja kwa moja. Ananunua boksi sita mwezi huu, nane baada ya mavuno, tatu za mwisho duka jingine. Rangi kwa macho ni ileile, lakini namba za toleo kwenye maboksi hazifanani, na marumaru za toleo moja zinaweza kuzidi za jingine kwa milimita mbili. Mstari wa marumaru kumi umepishana sentimita mbili nzima. Mgeni akiingia anasema fundi hana jicho. Bora kusubiri ununue zote kwa pamoja, na asilimia 10 ya ziada kwa vipande vya kukata, hata kama nyumba italala na jamvi tupu miezi kadhaa.

Kwa hiyo ningebaki na fundi wa hapa, baada ya kuingia kwenye nyumba mbili alizoziweka mwaka juzi na kugonga sakafu zake kwa sarafu; picha za kwenye simu hazilii. Kusawazisha ningemlipa kwa siku, kwa bei yake peke yake, na kuweka marumaru kwa mita. Sehemu ya mwisho ya fedha ibaki hadi grauti ikauke na tugonge pamoja, yeye na mimi.

Hapo fundi ana hoja yake, na ni nzito. Wenye nyumba nao hukimbia. Anayezuiliwa fedha ya mwisho anajua kwamba mara nyingi haitoki tena, hata sakafu ikiwa safi, ndiyo maana anadai kubwa mwanzoni na kupotea katikati. Njia ninayoiona ni fedha hiyo ikae kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi walikonunua saruji, mtu anayewahitaji wote wawili kesho, na asiitoe mpaka wamefika pamoja.