Albamu ya Kumbukumbu Imenifanya Mtaalamu wa Asidi

Wale walioniambia kwamba kutengeneza albamu ya kumbukumbu ni burudani ya kutuliza akili, popote walipo, wajitokeze tuzungumze kiutu uzima. Walisema nahitaji picha, mkasi na gundi, basi. Habari ya asidi hawakuigusia kabisa.

Kumbe karatasi nayo ina asidi! Mimi asidi nilikuwa naijua ya betri ya gari. Sasa nasikia karatasi ya kawaida ikikaa na picha miaka kadhaa inaitafuna polepole, na gazeti ndilo baya zaidi, maana limejaa lignini, kile kitu kinachoupa mti ugumu wa kusimama. Ndicho kinachofanya gazeti ligeuke manjano. Kwa hiyo karatasi isiwe na asidi wala lignini, gundi isiwe na asidi, mifuko ya plastiki isiwe ya PVC, na kalamu iwe ya wino wa pigmenti usiopauka. Mtu unaingia dukani kununua gundi unatoka umesoma kemia.

Na zile albamu za zamani, zenye kurasa za kunata na nailoni juu, ambazo wazazi wetu walizifungua mbele ya wageni kwa fahari zote? Zile ndizo adui namba moja. Ile gundi yake inazeeka na picha, na ukivuta kwa nguvu picha inachanika. Dawa yake ni uzi wa kusafishia meno. Sitanii. Unaupitisha chini ya picha, unausogeza kushoto kulia taratibu mpaka iachie. Nimekesha nafanya hivyo chini ya picha ya babu, utadhani namng'oa jino marehemu, huku mama watoto amesimama mlangoni anauliza kama ndio nimeanza kupumzika.

Tuje kwenye vipimo. Ukurasa wanaoupenda wenye fani yao ni mraba wa inchi 12 kwa 12. Printa ya nyumbani inatoa A4, ambayo upana wake haufiki hata inchi 8 na nusu. Nani alikaa kikao na kupitisha hilo? Ukichapa ukurasa mzima unabaki na uwazi pembeni, na uwazi ndio unaouza mapambo: stika, utepe, maua ya karatasi, vifungo vya shati. Vifungo! Mashati yangu yanakatika vifungo hakuna anayejali, ila kwenye albamu vinabandikwa bila kufunga chochote.

Kuna kitu kinaniuma zaidi. Mwandishi Mark Twain, mtu wa karne ya 19, alichoshwa na habari hizi za gundi, na mwaka 1873 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kitabu chenye kurasa zilizopakwa gundi tayari. Unalowesha, unabandika, unakwenda zako kulala. Mimi na simu yangu ya kisasa niko chini ya meza natafuta kifuniko cha gundi.

Simu nayo isiwape kiburi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itoke safi inataka pikseli 1200 kwa 1800 hivi. Zangu nyingi zimezunguka kwenye makundi ya familia, zikatumwa na kutumwa tena, mpaka bibi harusi na mpambe wake huwatofautishi. Tiketi za safari nilizozitunza ndiyo kabisa. Zile zinazochapwa kwa joto, kama risiti, hufutika zenyewe droowani. Yangu imebaki kikaratasi cheupe. Nimekibandika. Anayeuliza namwambia ilikuwa safari nzuri. Wewe mwenye akili zako itoe nakala mapema, ubandike nakala.

Halafu wanasema kando ya kila picha uandike nani, wapi na lini. Hapo ndipo shughuli ilipo, kwa sababu kila picha ya familia ina mtu mmoja aliyesimama katikati, anacheka kuliko wote, na hakuna anayemjua. Nilimuuliza shangazi.

"Huyo? Rafiki wa yule."

"Yule nani, shangazi?"

"Yule aliyekuja na wale wengine. Umeanza kuwa mbishi kama baba yako."

Nikaandika hivyo hivyo, kwa wino wa pigmenti usiofutika, ili vitukuu wasome: Rafiki wa yule. Sasa shangazi ameuona ukurasa na amenuna. Mgeni asiye na jina kapewa katikati, yeye aliyemlea kila mtu kaishia pembeni, nusu ya uso chini ya ua la karatasi. Anataka ukurasa wake peke yake, na picha ameshaichagua. Iko kwenye ile albamu ya nailoni, imeng'ang'ania vibaya sana.