Ukifika Meroe, usikimbilie piramidi

Nasema hii kwa ndugu zangu wa Lubumbashi, mji wetu wa shaba hapa Congo, wanaopenda kutembea na wenye uwezo kidogo wa kununua tiketi: siku Sudan itatulia, mufike Bagrawiya. Ni kijiji kidogo cha jangwani, kama kilomita 200 hivi kaskazini-mashariki ya Khartoum, upande wa mashariki wa mto Nile, na pale pale njo kuna Meroe, mji wa wafalme wa Kush, ufalme wa kale wa Sudan. Miye nilifika mbele ya vita hii iliyoanza tarehe 15 Aprili 2023, na tangu nirudi kila mtu ananiuliza piramidi, piramidi, onyesha foto ya piramidi.

Piramidi ni nzuri, sibishi hata. Ni ndogo kuliko za Misri lakini zimesimama wima zaidi, zimepangana kwenye kilima, na mchanga unapanda taratibu mpaka kwenye milango ya vile vyumba vya ibada vilivyo mbele yake. Nyingi zimekatika vichwa. Mwaka 1834 daktari mmoja Mwitaliano, Giuseppe Ferlini, alifika kutafuta dhahabu, akabomoa, akapata vito vya malkia Amanishakheto, na leo ukitaka kuviona sharti uende Berlin ao Munich. Ukiwa pale na unajua ile habari roho inauma kabisa.

Ila kwa mtu aliyekomalia Lubumbashi, kitu kikubwa iko chini, upande wa mto, kule watalii hawakai. Kuna vilima vyeusi. Ukiona kwa mbali unadhani ni udongo wa kawaida, ukikaribia unakuta ni mabaki ya tanuru, takataka ya chuma iliyomwagwa ingali moto ikaganda, na mafundi wa Meroe walikusanya hii mlima juu ya mlima kwa miaka zaidi ya elfu moja. Niliokota kipande: kizito, cheusi, upande mmoja unang'aa na unaona mistari vile ilikuwa inatiririka, upande wa chini mchanga umeshika ndani. Nilikirudisha pale pale nilipokitoa. Sisi tumekomaa chini ya terili yetu, ule mlima mweusi karibu na chimine (bomba la moshi) ya Gécamines, kampuni yetu ya madini, shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa kwetu mwaka 1911, kwa hiyo ile kitu ya Meroe hakuna mtu alihitaji kunielezea. Nilijua ni kazi ya mikono ya watu, ni jasho, ni moshi kwenye macho, ni mtu anayepuliza mivukuto usiku kucha.

Na ni makala pia, ule mkaa wa miti! Wataalamu wamechunguza masalio ya makala pale wakakuta karibu yote ni ya mti wa mgunga. Fikiria ni miti mingapi ilichomwa. Nikikumbuka barabara zetu za kutoka Lubumbashi, zile baiskeli zenye magunia ya makala na msitu unavyozidi kwenda mbali kila mwaka, naona hii habari ya Meroe tungefundisha watoto masomoni, inatuhusu kuliko mambo mengi tunayowajaza kwenye kichwa. Mwingereza Sayce, mtaalamu wa mambo ya kale, alipoona vile vilima, karne ya 20 ikiwa ndiyo imeanza, aliita Meroe Birmingham ya Afrika ya kale, sababu Birmingham ni mji wa viwanda kwao. Miye ningesema Likasi, mji wetu mwingine wa madini.

Sasa kijiji chenyewe. Watu wengi wanakuja na gari kutoka Khartoum asubuhi, wanapanda ngamia, wanapiga foto, wanarudi, hawajui hata jina la mtu mmoja. Naona hiyo ni vibaya. Wale watu wa Bagrawiya njo wanaishi na ile jua na ule upepo wa mchanga, wenye ngamia, watoto wanaouza vipiramidi vya udongo, mama anayekaanga kahawa kwenye jiko dogo la makala halafu anaitwanga na tangawizi. Kando ya njia kuna mitungi mikubwa ya udongo chini ya kivuli, maji yake ni baridi sana hata saa saba ya mchana, kikombe kiko juu, kila mpita njia anakunywa bila kulipa. Muzee mmoja alinipa ful, maharagwe yale ya kupondwa na mafuta ya ufuta, tukala kwa mkono kutoka sahani moja, miye nikitafuta bukari, ugali wetu, kwa macho tu, na nilipomuonyesha kwa simu foto ya terili yetu aliishika muda mrefu, akanyoosha kidole kule kwenye vilima vyeusi.

Baba wa watu kama wale njo walikuwa wanachimba pamoja na Mwingereza Garstang, mchimbaji wa mambo ya kale, pale, mwaka 1910 ilipotoka ardhini kichwa cha shaba nyeusi cha Augusto, mfalme wa Roma. Watu wa Kush walikiteka wakakizika chini ya ngazi ya hekalu ili kila anayepanda akikanyage. Leo kiko London. Majina ya waliochimba kwa jembe hakuna anayeyataja kwenye kibao.

Na hapa njo nageukia kwetu, maana Sanga, kijiji cha makaburi ya kale, iko Katanga hii hii, kando ya ziwa Kisale. Mwaka 1957 mtaalamu wa mambo ya kale Nenquin alianza kuchimba makaburi pale, baadaye Pierre de Maret akaendelea kuanzia 1974, wakakuta watu waliozikwa na vyungu vizuri ajabu na vile visalaba vya shaba, croisette, shaba iliyotoka huku kwetu kusini ikatembea mamia ya kilomita mbele hata Mzungu hajasikia jina Katanga. Ni watu wangapi wa Lubumbashi wamefika? Tunavaa croisette kwenye shingo, tunaichora kwenye ukuta wa bare, halafu kijiji chenyewe hatujakinywea hata maji. Wavuvi wa Kisale wanaishi juu ya makaburi yale, wanajua wapi mvua ikinyesha vyungu vinatoka. Hao njo wa kuanza nao, walipwe wakituongoza, waulizwe, na majina yao yaandikwe kwenye kibao cha kwanza kitakachowekwa pale.