Indiketa ya Kushoto

Mjomba aliniachia pikapu yake, Datsun 1200 ya mwaka 1974, akasema ina "kajambo kadogo tu". Kajambo kenyewe ni swichi ya indiketa: ukiweka kulia mkono unarudi katikati wenyewe, ukiweka kushoto hupati kitu. Pale Mwanjelwa, Mbeya, wauza spea walinipa pole. Mmoja akaniuliza kama nimeshapita makumbusho.

Basi nikang'oa usukani mwenyewe, uani kwa shangazi, Isyonje. Vipande vya shaba ndani ya swichi vilikuwa vyeusi tii. Nikavipiga msasa vikang'aa. Kinachoushika ule mkono usirudi ni springi na kigololi kama punje ya mtama. Nilipoinua kifuniko, springi ikafyatuka, gololi ikadunda kwenye sementi. Kuku wa shangazi hakuuliza.

"Huyo anataga, hachinjwi," shangazi akawahi. "Kama unaitaka gololi yako, subiri upande wa pili."

Nikachomoa gololi kwenye baiskeli mbovu. Ilizidi kidogo, ikaingia kwa ubishi. Nikajaribu kushoto: mkono ukanasa, ukagoma kurudi, taa pwa, pwa, pwa. Na viazi vya watu, lumbesa tupu, vilitakiwa sokoni siku hiyohiyo. Nikaondoka hivyohivyo.

Barabara ile ya kushuka Uyole madereva wana lugha yao: wa mbele akiwasha kulia, usipite, akiwasha kushoto, pita baba. Wakapita. Mabasi, Fuso, hadi bodaboda, kila mmoja na honi ya shukrani. Tatizo ni kwamba na mimi nilikuwa nawajibu. Waya wa honi unapita humohumo kwenye usukani, na bisibisi yangu ilikuwa imeuchubua. Honi ile haingoji umeme, umeme upo tayari. Inangoja waya uguse chuma tu. Kila kona ya kushoto, piiiii!

Sasa fikiria umesimama kituoni kwenye ukungu, baridi inakuuma. Inakuja pikapu mwendo wa pole, imewasha kushoto, inapiga honi.

Walikimbia! Kila tuta nikipunguza mwendo, nasikia kishindo nyuma. Bibi mmoja akarushiwa ndoo yake ya maparachichi, akapandishwa, akapiga kioo kunishukuru: "Ndaga fijo, mwanangu!" Ungemshusha wewe?

Uyole, trafiki akanyoosha mkono.

"Angalau umetoa indiketa," akasema. Kisha akachungulia nyuma. "Kibali cha abiria kiko wapi, bwana mdogo?"

"Afande, hawa si abiria. Ni swichi."

Akaniambia nisogee pembeni zaidi. Nikakata kushoto. Honi ikamlilia usoni, kofia ikadondoka. Alipoinama kuiokota, mwanamke mwenye mtoto mgongoni akafungua mlango wa mbele, akakaa, akavuta kanga vizuri.

"Mafiati shilingi ngapi?"